Toa Muda Wako, Usitoe Faili Lako: Maadili ya Kozi ya Programu

Najua wengi wenu mko kwenye wiki za testi na asaimenti, bando limekata na boom bado halijaingia. Kwa hiyo naomba dakika chache tu za kuongelea jambo linalowaponza watu kila muhula, hasa sisi tunaosoma kozi za kuandika programu za kompyuta. Nitaanza na yangu mwenyewe.

Mwaka wa pili, muhula wa kwanza, nilipata sifuri kwenye asaimenti niliyoifanya vizuri.

Nasoma ualimu wa hisabati na kompyuta. Kozi yetu ya kwanza ya programu ilitumia lugha ya Python, na asaimenti ya pili ilikuwa hivi: andika programu inayosoma alama za wanafunzi wa darasa moja, itoe wastani wa darasa, halafu ioneshe nani kafaulu na nani kafeli. Ilikuwa na alama 10 kati ya zile 40 za kozi weki. Nilikaa nayo siku tatu. Usiku wa kukusanya, saa tano na nusu hivi, mwenzangu wa chumbani akaniambia, "Shosti, niokoe. Nione tu ulivyofanya, sitakopi." Nikamtumia faili WhatsApp, nikalala.

Wiki iliyofuata mhadhiri wetu akatuita wote wawili ofisini. Tukaingia na shikamoo zetu, akatukaribisha tukae. Akafungua kazi ya mwenzangu kwenye skrini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hii -1 hapa ni ya nini?"

Mwenzangu akanyamaza kidogo. "Ni kwa ajili ya usalama, Madam."

Akanigeukia mimi. "Na kwako ipo hiyohiyo. Ni ya nini?"

Nikaeleza. Kwenye darasa wapo wanafunzi ambao hawakufanya mtihani. Nikiwawekea 0, programu itadhani walifanya wakapata sifuri, na wastani wa darasa zima utashuka bila sababu. Kwa hiyo niliwawekea -1, alama ambayo hakuna mtu anayeweza kuipata, halafu nikaiambia programu iwaruke.

Madam akaitikia kwa kichwa. "Jibu zuri. Kwa hiyo wazo hili lipo kwenye faili mbili, lakini lipo kwenye kichwa kimoja." Wote wawili tukapata sifuri.

Kusema kweli nilikuwa na hasira. Nilijiona nimeonewa. Aliyekopi ni yeye, mimi nimekosa nini? Nimesaidia mtu! Lakini ikaja UE, na swali la kwanza likawa la kupitia orodha ya namba na kuruka baadhi yake, yaani kazi ileile kwa sura nyingine. Mwenzangu aliliacha wazi. Matokeo yalipotoka, alikuwa na sapu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza ule usiku nilimsaidia nini hasa.

Makala hii ni jibu nililolipata baadaye, kwa kuuliza, kusoma na kufundishana.

Kinachosahihishwa ni nini

Tuanze na jambo ambalo wengi hatuambiwi waziwazi siku ya kwanza. Mhadhiri wa programu hana shida ya programu ya kutafuta wastani. Zipo maelfu, na yeye anaweza kuiandika kabla chai yake haijapoa. Akikupa kazi hiyo anataka wewe upite mahali fulani: ukwame, ukosee, usome ujumbe wa kosa, ubadilishe, ujaribu tena, hadi siku moja uelewe kwa nini ile lupu yako ilikuwa inazunguka bila kusimama. Programu unayokusanya ni ushahidi tu kwamba ulipita huko.

Ndiyo maana kozi hii ni tofauti kidogo na nyingine. Kwenye insha, ukimsoma mwenzako, bado utalazimika kuandika kwa maneno yako, na katika kuandika utajifunza kitu. Kwenye programu, faili la mwenzako linafanya kazi hapohapo. Unabadilisha jina juu, unakusanya. Hakuna hatua hata moja iliyopita kichwani mwako. Ni kama kumtuma mtu akakufanyie mazoezi ya viungo halafu wewe usubiri misuli.

Kwa hiyo matarajio yote ya kozi, ukiyakusanya, yanarudi kwenye swali moja alilotuuliza Madam: hii ni ya nini? Kama unaweza kueleza kila mstari uliokusanya, kwa nini upo na nini kitaharibika ukiutoa, uko salama mara nyingi. Kama huwezi, hata kama hakuna aliyekuona, kazi hiyo haijawa yako.

Lakini si tunaishi kwa madesa?

Hapa ndipo penye ugumu, na sitaki kuupita kana kwamba haupo. Chuo kizima kinaishi kwa madesa. Waliotutangulia walituachia madesa, na sisi tutawaachia wanaokuja. Mtu akiwa na notsi nzuri akazificha, tunamwita mchoyo, na hatukosei. Tumelelewa kugawana. Sasa mtu akikuomba faili usiku, ukamnyima, unaonekana una roho mbaya, unataka ufaulu peke yako.

Mimi naona tunachanganya vitu viwili. Desa ni maelezo. Ukilipata bado una kazi ya kulisoma na kulielewa, na kwenye UE halitakuandikia jibu. Faili la asaimenti ni jibu lenyewe. Ukimpa mtu desa, umempa njia ya kujifunza. Ukimpa faili usiku wa kukusanya, umemwondolea sababu ya kujifunza, tena umemweka kwenye hatari ya kuitwa ofisini.

Kwa hiyo undugu ubaki palepale, ila tubadilishe tunachogawana. Toa muda wako, usitoe faili lako. Mwenzio akikwama, kaa naye nusu saa. Angalia kazi yake kwenye kompyuta yake, mikono yake ikiwa kwenye kibodi. Muulize maswali. Nusu saa hiyo ni ghali kuliko kubonyeza "tuma", na nadhani ndiyo sababu tunakimbilia kutuma.

Mstari uko wapi

Kila kozi ina masharti yake na ya kwako ndiyo yanayokuhusu, kwa hiyo soma ile karatasi ya utangulizi mnayogawiwa wiki ya kwanza. Lakini ukitaka mfano wa masharti yaliyoandikwa vizuri, angalia kozi ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambayo masomo yake yako wazi bure mtandaoni. Wao wameanza na neno moja: uwe mtu wa busara. Kisha wakaorodhesha yapi ni ya busara na yapi siyo.

Kati ya masharti yao lipo moja linalosaidia sana. Unapoomba msaada, unaweza kumwonesha mwenzako kazi yako, lakini wewe usiangalie ya kwake. Fikiria uone lilivyo na akili. Aliyekwama anaonesha kosa lake, anayejua anamwelekeza, na jibu lililokamilika halihami kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Usiku ule, kama mwenzangu angeniletea laptopu yake na mimi nikaiacha yangu imefungwa, tungemaliza salama.

Kwa jumla, haya yanakubalika kwenye kozi nyingi:

- Kujadili swali kwa maneno au kwa michoro ubaoni: linataka nini, lianze wapi, ligawanywe vipi.
- Kumsaidia mwenzio kutafuta kosa kwenye kazi yake mwenyewe.
- Kusoma mtandaoni jinsi amri fulani ya lugha inavyofanya kazi, au maana ya ujumbe wa kosa ulioupata.
- Kuchukua mistari michache uliyoikuta mahali, ukiielewa, ukaandika palepale pembeni umeitoa wapi, kama kozi inaruhusu.

Na haya ndiyo yanayowapeleka watu ofisini:

- Kumpa au kupokea faili lenye jibu kabla ya kukusanya, hata kama ni "kuangalia tu".
- Kutafuta mtandaoni jibu la swali lenyewe, tofauti na kutafuta maarifa ya kulijibu.
- Kumlipa mtu akufanyie. Wapo, tunawajua, na matangazo yao tunayaona kwenye makundi ya WhatsApp.
- Kukusanya tena kazi ya mwaka jana ya kaka au dada aliyetangulia.

Angalia kwamba kwenye lile la kwanza nimeandika kumpa au kupokea. Hicho ndicho nilichokuwa sikijui. Mtoaji na mpokeaji wamo kwenye kosa moja.

"Nitabadilisha majina tu"

Mwenzangu alikuwa amejitahidi. Mimi nilitumia majina kama "jumla" na "wastani", yeye akaweka "total" na "average". Akaongeza nafasi, akafuta maelezo yangu ya pembeni, akaandika yake. Kwa macho zilionekana kazi mbili tofauti. Tulikamatwaje?

Wahadhiri wa programu wana zana za kulinganisha kazi. Inayojulikana zaidi inaitwa MOSS. Ilitengenezwa mwaka 1994 na Alex Aiken, ambaye baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, na njia inayotumia ilichapishwa mwaka 2003. Naieleza hapa kwa sababu ukiielewa utaacha kupoteza usiku kubadilisha majina.

Kwanza, inaondoa visivyo na maana kwake. Nafasi hazihesabiki, na majina uliyoyachagua hayahesabiki pia. "Jumla" na "total" kwake ni kitu kimoja: ni jina tu limekaa mahali fulani. Kinachobaki ni mifupa ya programu.

Pili, inaikata ile mifupa vipande vidogovidogo vinavyopandana. Chukua neno "tajiri" ulikate kwa herufi tatutatu: taj, aji, jir, iri. Ndivyo inavyofanya kwa programu nzima. Kila kipande kinageuzwa kuwa namba, na baadhi ya namba hizo zinahifadhiwa kama alama za vidole vya kazi yako.

Tatu, inalinganisha alama hizo na za kazi nyingine zote. Kwa kuwa inafuata vipande, hata ukihamisha sehemu ya chini ukaipeleka juu, vipande vyake bado vipo. Na ile sehemu ambayo mhadhiri mwenyewe aliwapa wote kama mwanzo anaweza kuitenga isihesabiwe.

Lakini tuitendee haki pia: MOSS haihukumu mtu. Inaonesha tu kwamba kazi hizi mbili zinafanana hapa na hapa. Uamuzi ni wa binadamu anayekaa na kuzisoma, na ndiyo maana tuliitwa tukaulizwa. Swali fupi linaweza kuwa na jibu ambalo nusu ya darasa watalifikia kwa njia moja, na hilo si kosa la mtu. Kilichotuumbua sisi ni ile -1. Hakuna aliyeambiwa aiweke. Ilikuwa wazo langu, na wazo la mtu lina sura yake.

Kinga nzuri kwa anayefanya kazi kwa haki ni kutunza historia. Usiwe na faili moja unalolifuta na kuliandika upya. Hifadhi la jana, la juzi, hata lile lililokataa kufanya kazi. Zipo zana za kukusaidia, kama Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hurekodi kila badiliko, lini na kwa jina la nani. Siku ukidhaniwa umekopi, njia uliyopita itakutetea.

Kukopi usichokielewa kunaumiza hata wakubwa

Labda mtu atasema: huko kazini si watu wanatumia programu za wenzao kila siku? Kweli, wanatumia, na hakuna ubaya. Lakini sikiliza kisa hiki.

Tarehe 4 Juni 1996, Ulaya ilirusha kwa mara ya kwanza roketi yake mpya ya Ariane 5, kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za kisayansi. Baada ya sekunde kama 40 hivi tangu kuanza safari, ilipinda, ikavunjika na kulipuka.

Uchunguzi ulikuta chanzo kwenye programu ya kifaa kinachopima mwelekeo wa roketi. Sehemu ya programu hiyo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ya zamani, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Ndani yake palikuwa na hatua ya kuhamisha namba kubwa kwenda kwenye nafasi ndogo, nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Kwenye Ariane 4 namba hiyo haikuwahi kuzidi. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda pembeni, namba ikafurika, kifaa kikazima, na roketi ikapotea. La kusikitisha zaidi, sehemu ile ya programu haikuwa na kazi yoyote kwa Ariane 5 baada ya kuruka. Ilibaki tu kwa sababu ilikuwepo.

Wale wahandisi hawakuiba kitu. Programu ilikuwa yao. Lakini swali la Madam halikuulizwa vya kutosha pale: hii ni ya nini, na je, hapa bado inafaa? Kama wataalamu wa roketi walipata hasara kwa mistari ambayo hawakuiuliza upya, sisi wa mwaka wa pili tunajiamini nini?

Na akili mnemba je?

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, yule rafiki wa saa tano na nusu usiku yupo kwenye simu ya kila mmoja wetu. Hachoki wala hasemi "nenda kafikirie kwanza". Ukimpa swali anakupa faili zima.

Kanuni zinatofautiana. Wapo wahadhiri wanaozuia kabisa, wapo wanaoruhusu kwa sharti la kutaja ulivyotumia, na wapo wasiosema kitu. Kama hajasema, uliza darasani. Usijitungie ruhusa. CS50 wenyewe waliamua mwaka 2023 kuwakataza wanafunzi wao ChatGPT na zana kama hizo, lakini wakawatengenezea ya kwao, inayoelekeza kama mwalimu badala ya kutoa jibu zima. Kwa hiyo hawakugombana na mashine. Walichokataa ni jibu lililopikwa tayari.

Mimi najipima hivi, pale inaporuhusiwa. Nikiuliza kitu na kupata maelezo, nafunga simu, nasubiri dakika kumi, halafu naandika mwenyewe kutoka kichwani. Nikishindwa, sikuwa nimeelewa, nilikuwa nimesoma tu. UE kwetu inafanyika kwa kalamu na karatasi, na pale mlangoni simu zote zinabaki nje.

Maabara, vikundi na mali za watu

Maadili ya kozi hayaishii kwenye kukopi. Kuna mambo madogo ambayo yakiharibika darasa zima linaumia.

Maabara yetu ina kompyuta chache kuliko wanafunzi, kama ilivyo vyuo vingi. Ukikaa kwenye mashine saa mbili ukiangalia mpira, kuna mtu hana laptopu na kazi yake inakusanywa kesho. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, nyanyuka. Usichomeke flashi usiyojua imetoka wapi, kwa sababu virusi wa flashi moja wanaweza kuzunguka chumba kizima. Na ukikuta mwenzio ameacha akaunti wazi, ifunge tu, usichungulie. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta usioruhusiwa si utani wa wanachuo. Ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Halafu kuna data. Sisi walimu watarajiwa tunapenda kujaribia programu zetu kwa alama halisi za wanafunzi, eti kwa sababu tunazo. Tusifanye hivyo. Alama za mtu zikiambatana na jina lake ni taarifa zake binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tunga majina, tunga alama. Programu haitajua tofauti.

Kwenye kazi za vikundi kosa letu linajulikana: watu watano, mmoja anaandika, wanne wanachangia jina na soda. Njia inayosaidia ni kuandika wawiliwawili kwenye kompyuta moja. Mmoja anakuwa dereva, anashika kibodi. Mwingine anakaa pembeni anaangalia mbele, anauliza, anakamata makosa. Baada ya muda mnabadilishana. Asiyejua sana aanze kuwa dereva, maana akianza yule hodari, mwenzake atalala.

Ukikwama, na ukikosea

Watu wengi hawakopi kwa sababu ni wezi. Wanakopi kwa sababu ni usiku, wamekwama, na walianza kazi jana. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa kizee: anza siku unayopewa, hata kwa dakika ishirini. Ukikwama siku ya pili, bado kuna saa za mashauriano za mhadhiri, kuna msaidizi wake, kuna CR wa kufikisha swali. Ukikwama saa tano usiku wa mwisho, kuna mimi tu na faili langu.

Ukienda kuomba msaada, nenda na maandalizi. Usiseme "haifanyi kazi". Sema ulitaka ifanye nini, imefanya nini, ujumbe wa kosa unasemaje, na umeshajaribu nini. Mara nyingi utagundua kosa kabla hujamaliza kueleza.

Na kama muda umeisha kweli, kusanya ulichonacho. Nusu ya kazi yako inaweza kukupa alama 4 au 5, na zitakuwa alama zako. Sisi tulitafuta 10, tukapata 0.

Je, ukishakosea? CS50 waliweka mwaka 2014 kifungu ninachotamani kila kozi ingekuwa nacho. Mwanafunzi aliyevunja masharti akienda mwenyewe kusema ndani ya saa 72, kozi inaweza kumpa adhabu ya ndani, kwa mfano sifuri kwenye kazi hiyo, lakini haimpeleki mbele zaidi kwenye nidhamu ya chuo, isipokuwa akirudia. Kimewekwa kwa ajili ya yule aliyefanya ujinga usiku, akaamka asubuhi roho inamsuta. Viongozi wa serikali ya wanafunzi, mkikaa na idara, hili ni jambo la kuombea. Kwa sasa, hata pasipo kifungu, kwenda kusema kabla hujaitwa ni bora kuliko kuitwa.

Tulivyomaliza

Likizo ile ya sapu sikwenda nyumbani wiki mbili za mwanzo. Tulikaa na mwenzangu kila jioni, laptopu yake mezani, yangu kwenye begi. Siku za kwanza zilikuwa ngumu, maana mara kumi nilitaka kumnyang'anya kibodi. Tukarudia hata ile asaimenti ya wastani.

Akaiandika yote mwenyewe. Ilipofika kwa wale ambao hawakufanya mtihani, hakuweka -1. Aliacha nafasi wazi, akaiambia programu: kama hakuna kitu, ruka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu mwingine akifungua orodha yako akakuta -1, atadhani ni kosa la kuandika, atalisahihisha. Akikuta pako wazi, ataelewa." Nikakaa kimya. Njia yake ilikuwa bora kuliko yangu, na kama ningeendelea kumpa mafaili, nisingeiona kamwe, wala yeye asingejua kwamba anayo.

Sapu alifaulu. Mimi nikaenda TP, na wiki ya tatu nikawa nasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. Madaftari manne ya dawati moja yalikuwa na kosa moja, mahali pamoja. Nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka chini. Kesho yake nikawaita mmojammoja, nikaweka kidole kwenye mstari, nikauliza: "Hii hapa ni ya nini?"